Mcheza Kwao

Kuna swali ambalo limenichosha masikio. Nimelisikia kwa kinyozi, nimelisikia kwenye matatu, nimelisikia hata mlangoni mwa msikiti watu wakitafuta viatu vyao: "Yule msichana wa tenisi amepotelea wapi?" Anayeulizwa ni Angella Okutoyi. Na swali lenyewe huulizwa kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, kana kwamba muulizaji alimkopesha binti huyo pesa naye akatoroka nazo. Nataka kulijibu hapa. Jibu langu halitawapendeza wengi, maana kwa hesabu zangu deni liko upande wa pili.

Okutoyi alizaliwa Januari 2004 jijini Nairobi, akalelewa na nyanya yake baada ya mama kufariki wakati wa kujifungua. Mwezi wa Januari 2022, huko Melbourne, alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika mashindano ya vijana ya Grand Slam, yaani yale manne makubwa ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Alimtoa Mwitaliano, akamtoa na Mwaustralia mbele ya watu wa kwao, ndipo akasimamishwa katika raundi ya tatu. Julai mwaka uo huo, Wimbledon, yeye na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp, walitwaa ubingwa wa wasichana kwa wachezaji wawili wawili. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, na ile ya kuamua wakaiponyoka kwa 11-9. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na Mkenya, mume wala mke, aliyewahi kutwaa taji lolote la Grand Slam.

Tukafurahi. Ama kwa kufurahi sisi ni mafundi. Pongezi zilimiminika kutoka kwa wakubwa na wadogo, na habari ya yule nyanya na wajukuu wake ikasimuliwa na kurudiwa mpaka ikawa kama ngano. Nami niliipenda, sikatai. Lakini nilianza kushuku jambo nilipoona ya kwamba kila aliyeisimulia aliishia palepale pa furaha, kama mtu asimuliaye harusi asiyetaka kujua maharusi watakula nini Jumatatu.

Basi na tuulize: siku ile ya Wimbledon Okutoyi alilipwa kiasi gani? Hakulipwa kitu. Mashindano ya vijana hayana pesa ya zawadi. Kinyozi wangu alikataa kabisa kuamini. Yeye alikwisha kumjengea binti nyumba Karen na kumnunulia gari. "Wimbledon, mzee, Wimbledon!" akaniambia, wembe uko shingoni mwangu, nami nikaona si mahali pa kubishana.

Sasa tutazame upande wa pili wa wavu siku ile. Waliofungwa walikuwa wasichana wawili wa Kanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Huyu Mboko alikuwa na miaka 15, mtoto wa wazazi waliotoka Kongo wakahamia ng'ambo. Baada ya hapo alisumbuliwa na majeraha, na mwanzoni mwa mwaka 2025 alikuwa nje ya mia tatu bora duniani. Lakini alianza mwaka huo kwa kushinda mechi 22 mfululizo bila kupoteza hata seti moja, katika mashindano madogo ya visiwa vya Karibi, jimbo la Georgia na Manchester. Agosti 2025, huko Montreal, mashindano makubwa ya nchi yake yakampa nafasi ya mwaliko. Akamtoa Coco Gauff, akamtoa Elena Rybakina, na katika fainali akamgeuzia kibao Naomi Osaka, 2-6, 6-4, 6-1. Zawadi yake ilikuwa zaidi ya dola 750,000. Alikuwa hajatimiza miaka 19.

Hapo ndipo swali la kupotea lilipopamba moto. Watu walichukua picha ya mwaka 2022 wakaiweka kando ya picha ya mwaka 2025: aliyeshinda ameshindwa, aliyeshindwa ameshinda. Wakatoa na hukumu: mmoja alijituma, mwenziwe alilegea. Akatokea na mwenye methali, kwani huku kwetu hakosekani, akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

La hasha. Sikatai methali, nakataa mahali ilipotumiwa. Mgema ana kisu chake, ana kibuyu chake, na ana mnazi wa kupanda. Huyu mtoto tulimsifia utamu wa tembo la siku moja, kisha tukamwacha aranderande akitafuta mnazi.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba Okutoyi angeshinda Montreal kama angelilelewa Kanada. Hakuna awezaye kusema hivyo, na Mboko ana mkono ambao Mungu hawapi wengi. Kumshinda mtu wa miaka 15 ukiwa na miaka 18 pia si ushahidi wa milele. Ninachodai ni kwamba wanaowalinganisha wawili hawa wanalinganisha mikono, na hawatazami ngazi waliyopewa kila mmoja aipande. Mboko alipoumia alikuwa bado na mahali pa kurudi. Chama cha tenisi cha Kanada kimekuwa na kituo cha taifa cha mazoezi Montreal tangu mwaka 2007, na kinaendesha mashindano makubwa ambayo mapato yake huwarudia watoto wa nchi hiyo. Na kwa kuwa mashindano ni yao, nafasi za mwaliko nao ni wao wa kuzigawa. Sisi mwaliko wa namna hiyo hatuna, na asiye na karamu hawezi kualika.

Ngazi yenyewe iko hivi, na naomba msomaji anivumilie, maana nilikuwa karani wa hesabu wa chama cha ushirika kwa miaka 26 na siwezi kuona tarakimu nikazipita. Kidato cha chini kabisa cha tenisi ya kulipwa kwa wanawake ni mashindano ya shirikisho la dunia, ITF, ambayo zawadi yake yote ni dola 15,000. Hiyo ni ya kugawana wote wa wiki ile, si ya mtu mmoja. Bingwa huondoka na kama dola 2,000. Anayetoka raundi ya kwanza hapati hata dola 200, wala hapati pointi hata moja. Na ili jina lako lionekane tu katika orodha ya ubora ya WTA, hata kama ni mkiani, sharti upate pointi katika mashindano matatu, au ukusanye pointi kumi. Kila mchezaji hujilipia nauli, hujilipia chakula, hujilipia na nyuzi za raketi, ambazo hukatika kama nyuzi za kishada wakati wa kusi.

Mashindano hayo huchezwa wapi? Monastir, Tunisia, karibu kila wiki ya mwaka. Sharm el-Sheikh, Misri. Antalya, Uturuki. Msichana wa Ulaya hupanda ndege ya bei nafuu asubuhi, mchana yuko kiwanjani. Akifungwa Jumanne, Jumatano yuko kwa mama yake. Wa Nairobi hubadilisha ndege njiani, na akitaka kwenda Ulaya huanza kwa kupanga foleni ya viza ya Schengen akiwa na taarifa ya benki mkononi. Akifungwa Jumanne hana pa kwenda. Hukaa hotelini akingoja wiki ijayo, na kila usiku una bei yake.

Haya, tupige hesabu. Tuseme msichana amecheza wiki 25 kwa mwaka, bila kocha, bila daktari, peke yake na mfuko wake. Tuseme kila wiki imemgharimu dola 1,000 kwa nauli, kitanda, chakula na nyuzi, na hapo namfanyia uchoyo. Jumla dola 25,000. Tuseme sasa ni mchezaji hodari ajabu, ametwaa mataji matano: hizo dola 10,000. Tuseme wiki zilizobaki ameokoteza dola 3,000 nyingine. Ana mataji matano kabatini na deni la dola 12,000 mlangoni. Huyo ndiye aliyefanikiwa! Aliyefungwa sikumpigia hesabu, roho yangu haikutaka.

Pesa iko juu kule. Mwaka 2025, Wimbledon, mtu aliyefungwa raundi ya kwanza ya wakubwa alipokea pauni 66,000. Kufungwa mara moja tu kulimlipa kuliko mataji 30 ya kule chini. Lakini kuingia huko moja kwa moja hutakiwa kuwa miongoni mwa watu mia moja hivi wa kwanza duniani, na hata kuruhusiwa kugombea nafasi za mchujo ni mpaka mia mbili na ushei. Kwa hiyo mchezo huu haulipi wanaopanda, hulipa waliokwisha kufika. Anayepanda hulipiwa na baba yake, au nchi yake, au mfadhili. Asiye na mmoja wa hao watatu hupanda mpaka pesa zitakapokwisha, kisha watu humwuliza amepotelea wapi.

Nadhani kinachotupotosha sisi Wakenya ni riadha. Eliud Kipchoge alikuwa kijana wa miaka 18 alipotwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 huko Paris mwaka 2003. Tumeona jambo hilo mara nyingi hata tumeamini kwamba kipaji ni kama muhogo, ukiuacha udongoni utakomaa wenyewe. Katika riadha hujulikana mchana kweupe: mchujo wa taifa hufanyika hapahapa, saa husema nani amefika kwanza, na aliyefika hupelekwa. Hakuna anayemwuliza mwanariadha mwaka uliopita alikimbia katika miji mingapi ya ughaibuni. Tenisi haina mstari mmoja wa kuanzia ambao watu wote husimama wakaambiwa kimbieni. Nafasi ya kushindana yenyewe hununuliwa kwa pointi, na pointi hununuliwa kwa nauli. Wakubwa wetu wa michezo wamelelewa na riadha, wanangoja saa iseme. Saa haitasema.

Mwenye kutaka ushahidi na atazame Accra. Machi 2024, katika Michezo ya Afrika, Okutoyi alitwaa medali ya dhahabu ya wanawake, mchezo wa mmoja mmoja. Bingwa wa bara zima! Dhahabu hiyo ingemfungulia mlango wa Olimpiki ya Paris, kwa sharti moja: awe ndani ya nafasi 400 za kwanza katika orodha ya dunia kufikia Juni mwaka huo. Hakuwa ndani. Paris hakwenda. Msomaji, nakuomba uligeuze jambo hili mara mbili tatu kichwani. Alikwisha kuwashinda waliokuja Accra, wote aliopangiwa, kwa raketi yake. Kilichomzuia hakikuwa mpinzani. Zilikuwa pointi za Monastir na Antalya, za wiki ambazo hakuna aliyezilipia. Na siku orodha ya Paris ilipotoka, wale waliokuwa wameandika pongezi mwezi wa Machi hawakuandika kitu.

"Lakini si alichagua kwenda kusoma Marekani?" Naam, alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, na wapo wanaolitaja jambo hilo kama kosa. Mimi nasema alifanya hesabu kuliko sisi. Chuo cha Marekani humpa mchezaji chumba, chakula, makocha, kiwanja, daktari wa misuli, na mwisho wa yote shahada. Dosari yake ni moja: mechi za timu baina ya vyuo hazihesabiwi katika orodha ya WTA, kwa hiyo mtu anaweza kuwa anakua kimchezo huku jina lake likiteremka au likiganda. Ndiyo kusema alichagua kukosa pointi ili apate kocha, kwa sababu kwao hapakuwa na wa kumpa vyote viwili. Sada Nahimana wa Burundi, aliyezaliwa mwaka 2001, naye ilibidi aende mpaka Casablanca, kwenye kituo cha ITF, kwa sababu hizohizo. Watoto hawa hawakimbii kwao. Wanafuata mahali penye meza iliyoandaliwa.

Kuna mkubwa mmoja wa mambo ya michezo, simtaji, aliyewahi kuniambia kwa upole wa mtu anayemaliza mazungumzo: "Mzee, tenisi ni mchezo wa matajiri." Ni kweli kwamba ulikuja na mabwana wa kikoloni, na viwanja vingi vizuri vingali ndani ya kuta za klabu zao, Nairobi na hata Dar es Salaam. Lakini nani waliokuwa wakiokota mipira ndani ya kuta hizo? Watoto wa watumishi. Wengine walijifunza kwa kutazama, wakacheza kwa raketi zilizotupwa, wakaja kuwa walimu wa watoto wa mabwana wapya. Paul Wekesa alipofika nafasi ya 100 duniani katika miaka ya 1990, si alikuwa Mkenya? Mtu akisema mchezo fulani ni wa matajiri, kisha akakataa kuulipia kwa sababu hiyo, ndiye aliyeufanya wa matajiri.

Nami ninajua ladha ya cheti. Mwaka 1994 binti yangu wa pili alichaguliwa kwenda kuuwakilisha mkoa katika mpira wa meza. Ofisi iliyohusika ilifanya sherehe, soda zikanywewa, hotuba ikasomwa, akapewa cheti chenye utepe wa rangi ya dhahabu. Kisha karani akanivuta pembeni akaniambia nauli na malazi ni juu ya mzazi. Nilikopa mshahara, akaenda, akashika nafasi ya tatu, tukapewa cheti kingine. Mwaka uliofuata alichaguliwa tena. Aliniona nimekaa na daftari langu la matumizi usiku, asubuhi akasema hajisikii vizuri, hatakwenda. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na miaka 14 na alijua kusoma uso. Vyeti vile viwili viko kwenye sanduku la marehemu mama yake, vina rangi nzuri mpaka leo.

Kwa hiyo nasema sitaki tena kusikia habari za kumpokea mchezaji. Kupokea tunakujua. Nataka kusikia habari za kumsindikiza, na ninaposema hivyo sitaki hotuba, nataka fungu katika bajeti lenye jina na tarakimu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na kila aliyekwenda ngoma ya harusi anajua kutunza ni nini: unainuka, unakwenda mpaka kwa mchezaji, unambandika noti kwenye kipaji cha uso, watu wote wakiona. Kupiga makofi ukiwa umekaa si kutunza.

Tena methali yasema kwao. Mchezaji wetu hachezi kwao hata kidogo, achezea kwa watu. Nairobi imewahi kuandaa wiki chache za mashindano ya wanawake ya ITF, na tuliona kwamba inawezekana. Basi yafanywe matatu kwa kufuatana kila mwaka, maana matatu ndiyo idadi inayomwingiza mtu katika orodha: wiki moja Mombasa, moja Nairobi, moja Kampala. Kwa daraja la chini zawadi zote tatu ni dola 45,000. Ongeza waamuzi, mipira na maji ya kunywa. Nimewahi kukagua vitabu vya vyama vya ushirika vilivyotumia zaidi ya hapo kwa mikutano ya mwaka, na hesabu zikapita bila swali.

Wageni watakuja, nao safari hii ndio watakaobadilisha ndege na kulala hotelini. Msichana wa Changamwe atacheza Jumatatu, akifungwa Jumanne atarudi kwao kwa miguu, atakula wali wa nazi wa nyanya yake, atalala kitandani pake. Wiki ya pili atapanda treni mpaka Nairobi. Wiki ya tatu atachukua basi la usiku la Kampala, raketi miguuni, na Jumatatu asubuhi atakuwa kiwanjani bila kudaiwa na mtu.